Vita Juu ya Vita: Kuinuka kwa al-Shabaab Nchini Somalia

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu kundi la al-Shabaab huanzia tarehe 26 Januari 1991, siku Rais Mohamed Siad Barre alipoukimbia mji wa Mogadishu na dola ya Somalia ikasambaratika nyuma yake, na kutoka hapo huruka moja kwa moja hadi kwenye mabomu ya miaka ya 2000, kana kwamba nchi isiyo na serikali haina budi kuzaa waasi wenye itikadi kali. Tarehe zenyewe zinapingana na maelezo hayo. Tangu kuanguka kwa Barre hadi al-Shabaab walipoanza kutawala miji kwa jina lao wenyewe ilipita miaka 17, na katika muda huo waliotaka kuiweka Somalia chini ya tafsiri finyu ya dini kwa mtutu wa bunduki walijaribu zaidi ya mara moja wakashindwa, na mara mbili za mwanzo walishindwa na Wasomali wenzao. Linalohitaji kuelezwa, basi, ni jinsi vita vya aina fulani, vilivyopiganwa kwa namna fulani, vilivyowaondoa njiani watu wote waliokuwa na uwezo wa kulizuia kundi dogo lisilopendwa.

Uislamu wa Somalia kwa karne nyingi ulisimama juu ya tariqa za Kisufi, yaani njia za ibada zinazofuata uongozi wa masheikh na kuyazuru makaburi yao, na kubwa miongoni mwazo ni Qadiriyya, ambayo Sheikh Uways wa Barawa aliieneza hadi Zanzibar na Tanganyika kabla ya kuuawa mwaka 1909. Mkondo mwingine, wa Kisalafi, unaodai kurejea mafundisho ya vizazi vya kwanza vya Uislamu na kuzihesabu desturi nyingi za Kisufi kuwa uzushi, ulikuja baadaye kwa njia ya wanafunzi na wafanyakazi waliorudi kutoka Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba. Serikali ya Barre, iliyotwaa madaraka mwaka 1969 na kujitangaza kuwa ya ujamaa wa kisayansi, iliukuza mkondo huo bila kukusudia: Januari 1975 iliwapiga risasi na kuwaua masheikh 10 waliopinga sheria mpya ya familia iliyompa mwanamke haki sawa ya urithi, na vijana wa dini waliosalia wakaenda uhamishoni au wakajificha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 makundi yao yaliungana na kuwa al-Itihaad al-Islamiya, jumuiya ya siri ambayo baada ya mwaka 1991 ilijipatia silaha kama kila mtu mwingine na kutaka kutawala.

Haikufika mbali. Mwaka 1991 ilishindwa karibu na Kismayu na wapiganaji wa Jenerali Mohamed Farah Aidid, na mwaka 1992 ilifukuzwa katika miji ya kaskazini mashariki na wanamgambo wa Kanali Abdullahi Yusuf, huku upande wa al-Itihaad ukiongozwa na kanali mwingine wa jeshi la zamani, Hassan Dahir Aweys. Ngome yake ya mwisho, mji wa Luuq ulio jirani na mpaka wa Ethiopia, ilivunjwa na jeshi la Ethiopia katika mashambulizi ya 1996 na 1997. Sababu ya kushindwa huko haikuwa siri kwa Msomali yeyote. Mtu alilindwa na ukoo wake, yaani jamii ya wanaohesabu nasaba moja kwa upande wa baba na kulipiana diya mmoja wao anapoua au kuuawa, na kundi lililodai kusimama juu ya koo zote halikuwa na wa kulilinda. Majina ya Yusuf na Aweys yafaa kukumbukwa, maana uhasama wao wa mwaka 1992 ulirudi baada ya miaka 14 ukiwa umevaa sare za majeshi ya kigeni.

Wakati huo wakazi wa Mogadishu walikuwa na shida zilizo karibu zaidi kuliko mijadala ya itikadi. Njaa ya 1991 na 1992 ilikuwa imeua zaidi ya watu 200,000. Majeshi ya kimataifa yakiongozwa na Marekani yaliingia Desemba 1992 kulinda chakula cha msaada, yakajikuta vitani na Aidid, yakapoteza Wapakistani 24 katika siku moja ya Juni 1993 na Wamarekani 18 katika mapigano ya Oktoba mwaka huo, na kufikia Machi 1995 walinda amani wote wa Umoja wa Mataifa walikuwa wameondoka. Mji ukabaki mikononi mwa wababe wa vita, yaani wakuu wa wanamgambo waliogawana mitaa na kuweka kila mmoja kizuizi chake cha barabarani, ambapo gari la mizigo lililipa, basi la abiria lililipa, na mwanamke aliyekuwa akienda sokoni angeweza kubakwa bila kuwapo wa kumshtakia.

Mahakama za Kiislamu zilizaliwa kutokana na hali hiyo. Ya kwanza ilianza kaskazini mwa Mogadishu mwaka 1994, na zilizofuata zote zilikuwa mali ya ukoo fulani: wazee waliichagua, wafanyabiashara wakaigharamia ili shehena zao zipite salama, kadhi akaamua mashauri, na kikosi kidogo cha vijana wenye bunduki kikatekeleza hukumu. Adhabu zake zilikuwa kali na hakuna haja ya kuzipamba, lakini mama aliyeibiwa au baba ambaye mwanawe alitekwa alipata mahali pa kwenda. Sharif Sheikh Ahmed, mwalimu wa sekondari aliyekuja kuwa mwenyekiti wa muungano wa mahakama hizo mwaka 2004, aliingia katika kazi hiyo baada ya mwanafunzi wake kutekwa nyara na genge lililodai fidia. Ndani ya mahakama walikuwamo Wasufi, wafanyabiashara, wazee wa koo, watu wa mkondo wa Aweys, na pembeni kabisa kikundi cha vijana mamia kadhaa waliojiita al-Shabaab, neno la Kiarabu lenye maana ya vijana.

Kikundi hicho cha pembeni kilikuwa cha aina nyingine. Kamanda wake, Aden Hashi Ayro, alikuwa amepata mafunzo Afghanistan, na mwaka 2005 wafuasi wake walifukua makaburi ya Waitaliano mjini Mogadishu na kuyatupa mabaki, jambo lililowachukiza hata watu wa ukoo wake. Ahmed Abdi Godane, mzaliwa wa Hargeisa aliyesoma Pakistan, alikuwa mtu wa kaskazini asiye na ukoo wa kumbeba kusini, na huenda ndiyo maana alishikilia kwa ukali kuliko wote wazo la jeshi lisilotambua ukoo. Kikundi hicho kiliwapa hifadhi watu wachache wa al-Qaeda waliohusika na milipuko ya Agosti 1998 kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, iliyoua watu 224, na shambulio la hoteli ya Kikambala mwaka 2002. Miongoni mwao walikuwa Fazul Abdullah Mohammed wa Komoro na Saleh Ali Saleh Nabhan wa Mombasa, wasemaji wa Kiswahili waliojenga daraja la kwanza kati ya vita vya Somalia na pwani ya Afrika Mashariki.

Marekani ilitaka watu hao wakamatwe, na njia iliyochagua ilikuwa ya msiba. Shirika lake la ujasusi liliwapa fedha wababe wa vita wa Mogadishu, wale wale waliokuwa wakiwatesa raia kwa miaka 15, nao Februari 2006 wakaunda muungano wakajiita wapigania amani na wapinga ugaidi. Wakazi walipoona wababe hao wanalipwa na taifa la kigeni kuwawinda watu wa dini, wengi ambao hawakuwa na mapenzi yoyote na Ayro waliziunga mkono mahakama, na kufikia mwanzo wa Juni wababe walikuwa wamekimbia. Kwa mara ya kwanza tangu 1991 Mogadishu yote ilikuwa chini ya mamlaka moja. Vizuizi viliondolewa, takataka za miaka zikazolewa, uwanja wa ndege uliofungwa tangu 1995 ukafunguliwa, na watu wakatembea usiku.

Miezi sita iliyofuata imebishaniwa sana, na ni haki kusema kwamba haikuwa pepo. Baadhi ya mahakama zilipiga watu waliokuwa wakitazama mpira wa Kombe la Dunia, mirungi kutoka Kenya ilipigwa marufuku, Aweys alipewa uongozi wa baraza la shura na kuizungumzia Ethiopia kwa maneno ya vita, na kikosi cha al-Shabaab kiliongezeka nguvu kwa sababu kilikuwa na nidhamu kuliko vingine. Hata hivyo mvutano wa ndani ulikuwa haujaamuliwa. Wazee na wafanyabiashara bado walishika mfuko, Sharif bado alikuwa mwenyekiti, na kila amri iliyowaudhi watu ilipingwa waziwazi mitaani. Kama Wasomali wangeachiwa kuumaliza ugomvi huo wenyewe, hakuna awezaye kusema kwa hakika nani angeshinda. Linalojulikana ni kwamba al-Shabaab walikuwa wachache, na wachache hao walikuwa na desturi ya kushindwa.

Upande wa pili ilikuwapo Serikali ya Mpito, iliyoundwa nchini Kenya mwaka 2004 kwa mgawanyo wa viti uliozipa koo nne kubwa sehemu sawa na jamii nyingine zote kwa pamoja nusu ya sehemu hiyo. Rais wake alikuwa Abdullahi Yusuf, mshindi wa mwaka 1992, ambaye Wamogadishu wengi walimwona kuwa mtu wa Ethiopia na ambaye serikali yake haikuweza kuvuka nje ya mji wa Baidoa. Desemba 2006 mahakama ziliusogelea mji huo, na Ethiopia, iliyopigana na Somalia katika vita vya Ogaden vya 1977 na 1978 na ambayo kwa Wasomali wengi ni adui wa kihistoria, ikaingia kwa vifaru na ndege. Vijana wa mahakama waliokusanyika kwenye uwanda wazi kukabili jeshi la kisasa walikufa kwa wingi. Mogadishu iliachwa tarehe 28 Desemba, Kismayu ikafuata siku ya Mwaka Mpya, na ndege za Marekani zikashambulia mabaki ya wapiganaji karibu na Ras Kamboni, mpakani mwa Kenya.

Kilichovunjwa katika siku hizo kumi kilikuwa ule muungano mpana. Wazee walirudi majumbani, wafanyabiashara wakatafuta namna ya kuishi na watawala wapya, vikosi vya koo vikarejea kwa koo zao, na Sharif akajisalimisha nchini Kenya kisha akaenda uhamishoni. Waliobaki msituni wakiwa wamepangika, wenye silaha zilizofichwa na wasio na mahali pa kurudi, walikuwa al-Shabaab. Vita vilivyokusudiwa kuwaangamiza viliwaangamiza washindani wao kwanza.

Mwaka 2007 ukamalizia kazi hiyo. Waasi walirusha makombora kutoka katikati ya makazi ya watu kisha wakatoweka, na majeshi ya Ethiopia na ya serikali yakajibu kwa maroketi na mizinga mikubwa iliyoangukia mitaa mizima, hospitali na soko la Bakaara, hata watafiti wa haki za binadamu wakazituhumu pande zote kwa uhalifu wa kivita. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa watu wapatao 600,000 waliuhama mji huo katika mwaka mmoja, wengi wao wakijibanza kwenye vibanda vya matambara na plastiki kando ya barabara ya kwenda Afgooye. Kijana aliyezika ndugu zake katika majira hayo hakuhitaji kusoma kitabu chochote cha itikadi ili achukue bunduki, na aliyekuwa tayari kumpa bunduki hiyo alikuwa mmoja tu. Hasira hiyo ilivuka bahari: kutoka Minneapolis, mji wa Marekani wenye Wasomali wengi, zaidi ya vijana 20 waliondoka kwenda kupigana, na wengi wao mwanzoni walisema wanakwenda kumfukuza Muethiopia.

Viongozi wa uhamishoni waliunda muungano wao huko Asmara Septemba 2007, lakini Godane alikataa kuingia, akiwalaumu kwa kukaa meza moja na wasiofuata dini na kwa kupigania mipaka ya taifa badala ya jihadi isiyo na mipaka. Aliyaweka maneno ya utaifa mbele ya watu na maneno ya al-Qaeda mbele ya makamanda, na kwa kuwa jeshi la kigeni lilikuwapo kila siku machoni pa watu, tofauti kati ya mawili hayo haikuonekana. Marekani ililiorodhesha kundi hilo kuwa la kigaidi mapema 2008 na Mei mwaka huo ikamuua Ayro kwa makombora huko Dhuusamareeb. Kifo chake kilimwachia Godane nafasi yote. Agosti 2008 al-Shabaab na washirika wao waliitwaa Kismayu, na Januari 2009, Waethiopia walipoondoka kwa mujibu wa makubaliano yaliyofikiwa Djibouti kati ya serikali na kambi ya Sharif, waliingia Baidoa, mji uliokuwa makao ya bunge, katika siku zile zile wabunge walipokuwa Djibouti wakimchagua Sharif kuwa rais.

Hapo ndipo ingetarajiwa vita vikome. Waethiopia walikuwa wameondoka, aliyekuwa mwenyekiti wa mahakama alikuwa rais, na Aprili 2009 bunge likaidhinisha sharia kuwa sheria ya nchi. Lakini miaka miwili ya mizinga ilikuwa imelipa kundi hilo jeshi, miji, kodi na mashujaa waliokufa, na halikuwa tena na sababu ya kumtii Sharif, ambaye lilimwita murtadi, yaani mtu aliyeacha dini. Mei 2009 lilimshambulia, na serikali yake ikabaki na mitaa michache iliyolindwa na Waganda na Waburundi wa jeshi la Umoja wa Afrika. Desemba mwaka huo mlipuko katika mahafali ya wanafunzi wa udaktari kwenye Hoteli Shamo uliwaua mawaziri pamoja na vijana waliokuwa wamesoma katika mji usio na amani ili waje kuwatibu watu wake, na Mogadishu ikajua kwamba aliyekuja kwa jina la kuwakomboa hakuwahesabu kuwa wake.

Utawala wa kundi hilo katika kusini na kati ya nchi ulisimama juu ya nguzo mbili, hukumu na kodi, na nyuma yake kikasimama kitengo cha upelelezi kiitwacho Amniyat, kilichowajibika kwa Godane peke yake. Zaka ilitozwa kwa mifugo na mazao, malori yalilipa mara moja na kupewa stakabadhi iliyoheshimiwa kwenye vizuizi vyote vilivyofuata, bandari ya Kismayu ilipitisha sukari ikiingia na mkaa ukienda nchi za Ghuba, na wakaguzi wa Umoja wa Mataifa mwaka 2011 walikadiria mapato ya kundi kuwa kati ya dola milioni 70 na milioni 100 kwa mwaka. Mfanyabiashara aliyewahi kulipa katika kila kizuizi cha kila mbabe aliona nafuu, hata kama aliogopa.

Waliokuwa na nafasi ndogo kabisa katika mgawanyo wa koo ndio waliovutwa kwa urahisi zaidi. Katika mabonde ya Juba na Shabelle wanaishi wakulima wasio na nasaba kubwa, wengi wao vizazi vya watu waliouzwa utumwani karne ya 19, na baadhi yao, Wazigula wa Juba, bado wanaongea lugha ya mababu zao wa Tanga. Ardhi yao ilikuwa imenyakuliwa na wanamgambo wa koo zenye nguvu tangu 1991. Kundi lililosema kwamba Waislamu wote ni sawa liliwapa baadhi ya vijana wao bunduki na cheo ambavyo hakuna serikali iliyowahi kuwapa, ingawa wazazi wa vijana hao hao walilazimishwa kutoa nafaka na watoto. Huko Barawa, ambako watu wa mji husema Kichimiini, lahaja ya kaskazini kabisa ya Kiswahili, al-Shabaab walitawala hadi Oktoba 2014. Kwingineko kubomolewa kwa makaburi ya masheikh kuliwaudhi Wasufi wa nchi ya kati kiasi kwamba mwishoni mwa 2008 walishika silaha chini ya jina la Ahlu Sunna wal Jamaa na kulifukuza kundi hilo katika maeneo yao, mfano wa wazi wa kile ambacho jamii yenye mizizi yake bado iliweza kufanya.

Njaa ya mwaka 2011 ilidhihirisha gharama ya utawala huo. Mvua zilikosekana mara mbili mfululizo, kundi lilikuwa limeyafukuza mashirika mengi ya misaada, na wafadhili nao walikuwa wamebana fedha kwa kuhofia sheria za kupambana na ugaidi. Umoja wa Mataifa ukatangaza baa la njaa Julai, na utafiti wa baadaye ulikadiria vifo kufikia karibu 260,000, nusu yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kambi za Dadaab, Kenya, zikapita wakazi 400,000. Mukhtar Robow, mmoja wa viongozi wa kundi hilo, ambaye ukoo wake wa Rahanweyn uliumia kuliko mwingine, alitaka misaada iruhusiwe akapingwa na Godane. Agosti 2011 kundi liliondoka katika mitaa ya Mogadishu, na Februari 2012 likatangaza rasmi kujiunga na al-Qaeda.

Vita vilikwisha kuvuka mipaka. Zaidi ya watu 70 waliuawa Kampala Julai 2010 wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Jeshi la Kenya liliingia Somalia Oktoba 2011. Kisha yakaja mashambulizi ya jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi mwaka 2013 na ya Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, ambako waliuawa 148. Kundi lilikuwa tayari likichapisha jarida la Kiswahili kwa ajili ya vijana wa pwani na wa mitaa ya Nairobi. Ndani kwa ndani Godane aliwasaka wenzake: mwaka 2013 aliwaua baadhi ya waasisi, Aweys, ambaye alikuwa amejiunga na kundi, akakimbilia serikalini na kufungiwa nyumbani, na Robow akajificha kwao Bakool hadi alipojisalimisha mwaka 2017. Marekani ilimuua Godane Septemba 2014, na kiti chake kikarithiwa na Ahmed Diriye bila kundi kugawanyika, kwa kuwa mtandao wa kodi na upelelezi haukumhitaji mtu mmoja.

Bomu la Oktoba 2017 katika makutano ya Zoobe mjini Mogadishu liliua karibu watu 600, shambulio baya kuliko yote katika historia ya nchi hiyo, na hasira ya wakazi ilikuwa kubwa hata wakaandamana barabarani wakiwa na vitambaa vyekundu vichwani. Lakini katika miaka hiyo hiyo wafanyabiashara wa mji huo waliendelea kulipa kodi mara mbili, moja kwa serikali na nyingine kwa al-Shabaab, na wenye mashauri ya ardhi waliendelea kusafiri nje ya mji hadi kwa makadhi wa kundi hilo, kwa sababu mahakama za serikali zilidai rushwa na hukumu zake hazikutekelezwa, ilhali aliyehukumiwa na al-Shabaab kurudisha kiwanja cha jirani yake alikirudisha.